Maswali ya Wasomaji: Tumpeleke Nani Kwenye Bodi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni uchaguzi wa mtu atakayeketi kwenye bodi kwa niaba ya wenzake. Wameandika wanachama wa vyama vya ushirika, wazazi wenye watoto shuleni na wafanyakazi waliopewa kiti katika bodi ya mwajiri wao. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

Sisi ni wanachama wapatao mia moja na ishirini ndani ya chama kikubwa cha akiba na mikopo, na kundi letu lina kiti kimoja katika bodi. Wagombea ni wawili. Wa kwanza ana shahada mbili, anajulikana kila mahali, na akisimama kuzungumza ukumbi mzima hunyamaza. Wa pili amekuwa katibu wa kundi letu kwa miaka sita. Ni mkimya, na wengi wanasema bodi itammeza. Je, tumpeleke mwenye jina? — Mwanachama mwenye kura moja

Ndugu mwanachama, anza kwa kujiuliza kazi ya bodi ni ipi, maana watu wengi humchagua mjumbe kwa kazi ambayo hatakwenda kuifanya. Picha tuliyonayo vichwani ni ya mtu anayesimama mbele ya wakubwa na kuwatetea wenzake kwa sauti kubwa. Kazi yenyewe huanza siku saba au kumi kabla ya kikao, mjumbe anapopokea makabrasha: kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo na kikao hicho, taarifa ya mtendaji mkuu, taarifa ya fedha ya robo mwaka, mapendekezo ya sera, pengine na rasimu ya mkataba. Kurasa zaweza kufika mia moja na zaidi. Anazisoma peke yake, usiku, pasipo mtu wa kumpigia makofi. Kisha anaingia kikaoni pamoja na wenzake wanane au kumi, kila mmoja akiwa na kura sawa na yake, na baada ya saa chache wanatoka na maamuzi ambayo wote watayabeba. Katika saa hizo hotuba ina nafasi ndogo sana. Mara nyingi uamuzi hugeuzwa na swali moja, lililoulizwa kwa wakati wake na mtu aliyesoma ukurasa ambao wenzake waliuruka.

Nitoe mfano unaokihusu chama chenu. Taarifa ya mapato na matumizi ya chama cha mikopo inaweza kuonyesha ziada nono kwa sababu riba inayodaiwa kwa wakopaji imekwisha kuhesabiwa kuwa mapato, ingawa wakopaji wenyewe hawajaileta. Ukifungua taarifa ya mtiririko wa fedha, utaona fedha taslimu zinapungua. Ukifungua jedwali la umri wa madeni, utaona mikopo iliyochelewa kwa zaidi ya siku 90 inaongezeka, huku fungu lililotengwa kwa ajili ya mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa ipasavyo, likiwa limebaki palepale. Mjumbe hahitaji shahada ya uhasibu ili aone kwamba karatasi hizi tatu hazisemi kitu kimoja. Anahitaji subira ya kuziweka mezani kwa pamoja, na anahitaji moyo wa kusema, "Mwenyekiti, tunaambiwa tumepata ziada, naomba nionyeshwe iko wapi, kwa sababu kule benki siioni."

Wala usidhani kwamba jina na elimu vinatosha kuleta moyo huo. Kampuni ya nishati ya Enron ya Marekani, iliyofilisika Desemba 2001, ilikuwa na bodi ambayo ungeitazama ungeisifu. Mwenyekiti wa kamati yake ya ukaguzi alikuwa profesa wa uhasibu aliyewahi kuongoza shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Stanford. Hata hivyo, katika mwaka wa 1999 bodi hiyo iliweka kando kanuni zake yenyewe za maadili, zaidi ya mara moja, ili kumruhusu ofisa mkuu wa fedha wa kampuni aendeshe ubia wa kwake uliofanya biashara na kampuni hiyohiyo iliyomwajiri. Kamati ndogo ya Seneti iliyochunguza suala hilo ilitoa taarifa Julai 2002, nayo ikasema wazi kwamba bodi ilishindwa katika wajibu wake. Ujuzi ulikuwamo chumbani. Kilichokosekana ni mtu wa kulisimamisha jambo pale lilipokuwa bado dogo.

Kwa hiyo ningewashauri mtazame nyayo ambazo wagombea wenu wameziacha, na katika hili mna bahati, kwa sababu mmoja wao ameacha miaka sita ya maandishi. Fungueni daftari la kumbukumbu. Je, maamuzi yameandikwa kwa namna ambayo mtu asiyekuwapo angeyaelewa? Je, jambo lililoahidiwa katika kikao kimoja linaonekana tena katika yatokanayo ya kikao kinachofuata, au lilizama? Je, katibu aliandika pia yale ambayo hayakumpendeza, kama vile hoja yake mwenyewe kukataliwa? Mtu anayeandika kwa haki kushindwa kwake mwenyewe ana sifa ambayo bodi nyingi zinaitafuta bila kuipata. Na yule msemaji naye apimwe kwa kipimo hichohicho: katika kazi ya pamoja aliyowahi kukabidhiwa, aliimaliza? Alihudhuria hata vikao ambavyo hakupangiwa kuzungumza? Inawezekana majibu yakawa mazuri, na hapo ufasaha wake utakuwa nyongeza ya thamani kubwa.

Hofu kwamba bodi itammeza mkimya si ya kupuuzwa, lakini ukimya na unyonge ni vitu viwili. Niliwahi kuketi katika bodi moja pamoja na mama mmoja aliyezungumza pengine mara mbili kwa kikao. Siku tuliyoidhinisha mkopo mkubwa wa ujenzi, yeye peke yake alipinga, akaomba upinzani wake uandikwe pamoja na sababu zake. Kikao kilichofuata, tulipofika kwenye kuthibitisha kumbukumbu, sote tulikuwa tayari kusema "zithibitishwe" na kuendelea. Yeye akanyanyua mkono akasema mstari wake haumo, akangoja kwa utulivu mpaka ukaandikwa. Sisi tuliomzidi kwa maneno hatukuwa tumeona kwamba haumo. Mkopo ule ulipotushinda kulipa, mstari ule ulikuwa ushahidi pekee kwamba bodi ilionywa. Nilipiga kura ya kuunga mkono mkopo ule, na hadi leo najua kwamba sikuwa nimesoma masharti ya riba hadi mwisho.

Ikiwa mnataka jaribio moja tu, fanyeni hili. Wapeni wagombea wote wawili taarifa ya fedha ya mwaka uliopita siku tatu kabla ya uchaguzi, kisha kila mmoja asimame mbele ya wanachama kwa dakika tano, aeleze ni jambo gani ndani yake lingemfanya anyanyue mkono, na angemuuliza nani. Mtakachokisikia kitawasaidia kuliko kampeni ya mwezi mzima.

Mgombea anayeongoza katika uchaguzi wetu ndiye anayeiuzia taasisi yetu vifaa. Yeye mwenyewe amelitangaza jambo hilo na anasema kwamba, kwa kuwa ametangaza, hakuna tatizo. Bei zake kwa kweli ni nzuri. Je, tuna haki ya kuwa na wasiwasi? — Mjumbe wa mkutano mkuu

Mnayo, ndugu yangu, na wala wasiwasi huo haumaanishi kwamba mnamwita mwizi. Suala hili ni la zamani sana. Mwaka 1854 Baraza la Mabwana la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kesi ya kampuni ya reli ya Aberdeen, iliyokuwa imeagiza vishikizo vya chuma vya kushikia reli kutoka kwa kampuni ya Blaikie. Mmoja wa wakurugenzi wa reli alikuwa pia mshirika katika kampuni hiyo ya muuzaji. Mahakama haikutaka hata kusikiliza kama bei ilikuwa ya haki au la. Ilisema kwamba mtu mwenye wajibu wa kulinda maslahi ya wengine haruhusiwi kuingia katika makubaliano ambamo maslahi yake binafsi yanagongana, au yanaweza kugongana, na ya wale anaowalinda, na mkataba ukashindwa kusimama. Mantiki yake naiona kuwa nzito hadi leo: mkurugenzi alipaswa kutafuta bei ya chini kabisa kwa ajili ya reli, na muuzaji alipaswa kutafuta bei ya juu kabisa kwa ajili ya kampuni yake, na mtu huyo alikuwa mmoja.

Taratibu za siku hizi zimelegeza kidogo. Taasisi nyingi humtaka mjumbe atangaze maslahi yake, aandikwe katika rejista, atoke chumbani jambo lake linapojadiliwa, na asipige kura. Kutangaza peke yake ni nusu ya kwanza tu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgombea wenu ni la hesabu: kati ya mambo kumi mazito yatakayofika mezani mwaka huu, ni mangapi yatakayomlazimu atoke? Ikiwa ni moja, bodi inaweza kulihimili. Ikiwa ni bajeti, manunuzi, ukaguzi na uteuzi wa meneja wa ugavi, mtakuwa mmechagua kiti kitupu. Na wajumbe watakaobaki ndani watakuwa wakimjadili mtu ambaye watakunywa naye chai baada ya nusu saa, jambo ambalo kanuni yoyote iliyoandikwa haiwezi kulitibu. Mwulizeni pia kama yuko tayari kuachia zabuni kwa muda wote wa muhula wake. Atakalojibu litawaambia anakitaka kiti hicho kwa ajili ya nini.

Sisi wafanyakazi tulimchagua mwenzetu aende kwenye bodi akapinge kufungwa kwa idara moja. Alirudi akatuambia kwamba alipiga kura ya kuunga mkono, na kwamba mengine hawezi kutueleza kwa sababu ni siri ya bodi. Wengi wanamwita msaliti. Wewe unaonaje? — Mfanyakazi aliyevunjika moyo

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na ninauelewa uchungu wake. Ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na ni lazima yatenganishwe kabla ya mtu kuitwa msaliti.

Jambo la kwanza ni kama mwakilishi anafungwa na maagizo ya waliomtuma. Mabishano haya yana umri mrefu. Tarehe 3 Novemba 1774 Edmund Burke, akiwa amechaguliwa tu kuwa mbunge wa Bristol, aliwaambia wapiga kura wake ana kwa ana kwamba wanamdai masikio na bidii, lakini hatawakabidhi akili yake. Na kwamba mkishamchagua mtu, si wa mji wenu peke yenu tena, ni wa bunge zima. Ilikuwa ni kauli ya ukweli, na ilimponza. Katika miaka iliyofuata aliunga mkono kulegezwa kwa masharti ya biashara na Ireland, jambo ambalo wafanyabiashara wa Bristol hawakulipenda, pamoja na nafuu kwa Wakatoliki, na mwaka 1780 alijiondoa katika kinyang'anyiro alipoona kura hazipo. Ninaukumbuka mkasa huu kwa pande zote mbili: yeye alikuwa na haki ya kutumia akili yake, nao walikuwa na haki ya kumwacha.

Kwa upande wa bodi, sheria nyingi zimekwenda njia ya Burke. Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006 inamtaka kila mkurugenzi atumie uamuzi wake huru na atende kwa ajili ya mafanikio ya kampuni nzima, hata kama amependekezwa na kundi fulani. Ujerumani, ambako sheria ya mwaka 1976 inawapa wafanyakazi nusu ya viti katika bodi ya usimamizi ya kampuni zenye waajiriwa zaidi ya 2,000, wajumbe wa upande wa wafanyakazi wana haki na wajibu uleule walio nao wa upande wa wenye hisa, ukiwamo wajibu wa kutunza siri. Mwenzenu, basi, alipoingia chumbani alikuwa na deni kwa taasisi nzima: kwa idara ile, na pia kwa wale ambao mishahara yao ingeyumba kama idara ile ingeendelea kula akiba. Huenda alikosea katika kupima. Kukosea katika kupima si usaliti.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, nalo ni kimya chake. Siri ya bodi ina mipaka. Mjumbe hapaswi kutoa nje habari za mtu binafsi aliyejadiliwa, bei za zabuni ambazo hazijafunguliwa, mazungumzo na mkopeshaji yanayoendelea, wala maneno ya mjumbe mwenzake katika mjadala. Ila sababu zake mwenyewe, baada ya uamuzi kutangazwa, ni zake kuzieleza kwa kiasi ambacho hazifichui hayo niliyoyataja. Angeweza kusema, "Nilikwenda nikiwa na nia ya kupinga; nilionyeshwa hesabu zilizonifanya nibadili msimamo; niliomba waliopo wahamishiwe kwingine kabla ya idara kufungwa, na hilo lilikubaliwa au lilikataliwa." Hakuna siri iliyovunjwa hapo, na nyinyi mngekuwa na kitu cha kumpima. Mjumbe anayejificha nyuma ya neno "siri" kwa kila swali huwaacha waliomchagua wakibuni majibu yao wenyewe, na mara nyingi wanayobuni huwa mabaya kuliko ukweli.

Ushauri wangu ni kwamba mumwite, mkae naye, mmwulize swali moja tu: ni kitu gani kilikubadilisha? Mpeni nafasi ya kujibu bila kuzomewa. Na safari ijayo, kabla ya kupiga kura, kubalianeni na mgombea kwamba kila baada ya kikao atafika mbele yenu ndani ya siku kumi na nne na kueleza yanayoelezeka. Na kwamba ikiwa ataona hawezi kuubeba msimamo wenu, atawaambia kabla ya kikao pale anapoweza, ili mjue kwamba sauti yenu haitafika kama mlivyoituma. Mwenye uwezo wa kurudi na kuwaambia msilotaka kulisikia ndiye ambaye ningempa kura yangu, na uwezo huo unaonekana mapema: sikilizeni kama wakati wa kampeni aliwahi kuwakatalia jambo lolote.

Mwakilishi wetu ana miaka kumi na mitano kwenye bodi na anaifahamu taasisi kuliko mtu yeyote. Tumwongeze muhula? — Mzazi katika bodi ya shule

Nisingemwongeza. Kanuni za utawala bora za makampuni nchini Uingereza huhesabu kukaa zaidi ya miaka tisa kuwa mojawapo ya dalili kwamba mjumbe huenda si huru tena, na naona ni kipimo cha busara hata kwa shule. Baada ya miaka kumi na mitano, karibu kila uamuzi anaotakiwa kuuhoji ni wake mwenyewe. Mwombeni akae mwaka mmoja nje ya bodi kama mshauri wa atakayemrithi, na mmshukuru mbele ya watu kwa dhati.

Bodi yetu ina viti vitatu vya kuchaguliwa na wanachama mia moja. Kundi lenye watu wengi huchukua vyote vitatu kila mwaka, na sisi wachache hatujawahi kupata hata kimoja. Tunaambiwa hiyo ndiyo demokrasia. Je, kuna njia nyingine? — Mwanachama wa upande wa wachache

Ipo, na imekuwapo kwa muda mrefu. Tatizo lenu linatokana na utaratibu wa kupiga kura kiti kwa kiti: kundi la watu 51 linashinda cha kwanza, linashinda cha pili, linashinda na cha tatu, na watu 49 wanatoka mikono mitupu. Katika utaratibu wa kura za kulimbikiza, kila mwanachama hupewa kura nyingi kadiri ya viti vilivyopo, yaani tatu, na anaruhusiwa kuzigawa apendavyo, hata zote tatu kumpa mgombea mmoja. Jimbo la Illinois la Marekani liliwapa wenye hisa haki hii katika katiba yake ya mwaka 1870.

Hesabu yake ni rahisi, na ningependa uifanye mbele ya wenzako. Tuseme mko wachache 26, na kila mmoja wenu anampa mgombea wenu kura zake zote tatu: anapata 78. Waliobaki ni 74, wenye kura 222. Wakizigawa sawasawa kwa wagombea wao watatu, kila mmoja anapata 74. Mgombea wenu anaongoza, na wao wanapata viwili vilivyobaki. Mkiwa 25 mtafungana nao kwa kura 75, kwa hiyo 26 ndiyo idadi ya chini inayowahakikishia kiti. Sharti lake ni kwamba msimamishe mtu mmoja tu. Mkisimamisha wawili mtagawana na kupoteza vyote.

Jambo hili halivunji kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja, ambayo wafumaji na mafundi wa Rochdale waliianzishia ushirika wao mwaka 1844 na ambayo vyama vya ushirika duniani vinaiheshimu, kwa sababu uzito wa kila mwanachama unabaki sawa. Ila masharti ya chama chenu yatabidi yarekebishwe kwanza katika mkutano mkuu, na mtahitaji kura za hao walio wengi. Waelezeni kwamba siku moja nao watakuwa wachache. Na kura iwe ya siri: makoloni ya Victoria na Australia Kusini yalipoanza kutumia karatasi rasmi za kura ya siri mwaka 1856, ilikuwa ni ili mpangaji asimwogope mwenye nyumba na mfanyakazi asimwogope tajiri wake, na hofu ya namna hiyo imo hata katika vyama vidogo.

Neno moja la tahadhari. Mtu mtakayempata kwa njia hii ataingia kwenye bodi kama mjumbe wa taasisi nzima, sawa na niliyomweleza ndugu mfanyakazi hapo juu. Mkimtuma akawe mpinzani wa kila kitu, wenzake watajifunza kutomsikiliza baada ya vikao viwili.

Wenzangu wamenipendekeza nigombee kiti cha bodi. Sijasomea uhasibu, sijawahi kukaa kikao cha namna hiyo, na naogopa kuaibika. Nikubali? — Msomaji mwenye mashaka

Mashaka yako yananipa imani, ndugu yangu, kwa sababu wanaoogopa kukosea ndio wanaosoma. Uhasibu wa kutosha kwa mjumbe wa bodi unajifunzika. Mizania inaonyesha taasisi ina nini na inadaiwa nini siku fulani. Taarifa ya mapato na matumizi inaonyesha kilichotokea katikati ya siku mbili. Mtiririko wa fedha unaonyesha fedha taslimu zilivyoingia na kutoka. Ukikaa na mtu anayejua kwa jioni tatu, ukiwa na taarifa halisi za taasisi yako mikononi, utaweza kufuata mjadala, na yaliyobaki utayajua kwa kuuliza. Uliza hata swali unaloona ni la kitoto. Mara nyingi utakuta wenzako wawili wanalisubiri jibu hilohilo kwa hamu.

Kisichojifunzika kwa urahisi ni muda. Bodi inayokutana mara nne kwa mwaka haikuombi siku nne. Kuna kamati, kuna makabrasha, kuna vikao vya dharura, kuna simu za wanachama usiku. Ikiwa kwa sasa una mgonjwa wa kumhudumia au kazi isiyokuachia siku mbili kamili kwa mwezi, kataa kwa adabu na usione haya.

Kabla hujajibu, omba nyaraka tatu: kumbukumbu za vikao vinne vya mwisho, taarifa ya mkaguzi wa hesabu, na ile barua ambayo mkaguzi huiandikia menejimenti akiorodhesha kasoro alizozikuta. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo pengine watasita kukupa kwa kuwa bado hujawa mjumbe; wakisita, omba angalau uelezwe ni kasoro ngapi zimerudiwa kutoka mwaka uliotangulia. Kasoro ileile ikionekana miaka mitatu mfululizo, bodi iliyopo haifuatilii yatokanayo yake. Mtafute pia mtu aliyetoka kwenye kiti hicho na umwulize, mkiwa wawili tu, kwa nini aliondoka na ni uamuzi gani anaoujutia.

Ukishasoma, andika maswali matatu ambayo ungeyauliza katika kikao chako cha kwanza, kisha wasomee waliokupendekeza. Mmoja wao akikuambia kwamba swali la pili litawaudhi wakubwa na ni heri uliache, mwulize kama bado anataka uende.